Kulaza Bomba la Maji Ziwani Juu ya Tope Laini: Mwongozo Kamili

Malalamiko ya kamati za maji na wakulima wa kandokando ya Ziwa Nyasa, upande wa Kyela, yanafanana. Bomba lililazwa kiangazi, maji yakaja safi. Masika yalipopita, pampu ikaanza kuvuta uji wa kahawia, au bomba likaonekana limeibuka juu ya maji kama mgongo wa mamba. Mawe yakaongezwa. Mwaka uliofuata, mambo yakawa yale yale.

Kosa liko kwenye hayo mawe. Bomba la poli (HDPE) ni jepesi kuliko maji, na hata likijaa maji linataka kuelea. Kinachozama topeni ni uzito tuliolifungia, na tope haliulizi uzito huo ni kilo ngapi kwa jumla. Linachopima ni gramu ngapi zinakaa juu ya kila sentimita ya mraba. Mwongozo huu wote unazunguka namba hiyo moja.

Hesabu ni za bomba la milimita 110, daraja PN10, yaani la kuhimili presha ya bar 10 (lile mafundi huliita la inchi nne), lenye urefu wa mita 200. Vipimo vya 63 na 160 vimo ndani ya hatua ya 3.

## Vifaa

- Bomba la PN10 mita 204, yaani urefu wa njia na asilimia 2 ya ziada
- Mashine ya kuchomelea mabomba ya poli na fundi anayeijua
- Saruji mifuko 4, mchanga wa mtoni, kokoto nzito, wavu wa kuku
- Kamba ya nailoni ya milimita 8, na tyubu kuukuu za tairi
- Mizani ya ndoano ya kilo 50, kama ile ya wanunuzi wa kokoa
- Bomba la chuma la nusu inchi, vipande vya kuunga hadi mita 8, na bamba la chuma la sentimita 10 kwa 10
- Mapipa mawili ya lita 200, mitumbwi miwili imara, jaketi la kuokolea kwa kila mtu
- Flenji butu mbili (vifuniko vya kufungia ncha za bomba): moja yenye valvu ya nusu inchi, nyingine yenye kiungio cha mpira wa maji
- Chujio, na fremu ya chuma ya kulisimamishia

## Hatua ya 1: Kibali, njia na msimu

Kuchota maji ziwani kunahitaji kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Ulizia hilo kabla ya kujenga kibanda cha pampu. Mradi wa kijiji upitie RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) tangu mwanzo.

Njia ya bomba ikae mbali na midomo ya mito. Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushusha udongo wa milimani kila masika, na udongo huo hutua pale maji yanapopoteza kasi. Hapo ndipo tope huwa jipya na laini kuliko pote, na hapo ndipo mamba hupenda kukaa.

Pima kina mwezi wa Novemba au Desemba, ziwa linapokuwa chini. Kati ya masika na mwisho wa kiangazi uso wa ziwa hupanda na kushuka karibu mita moja, kwa hiyo kina cha mita 4 ulichopima Mei ni mita 3 tu Novemba. Mwisho wa bomba uwe kwenye kina kisichopungua mita 4 cha Novemba. Chora alama ya rangi kwenye mwamba au nguzo ya zege ufukweni, na kila siku ya kupima uandike maji yako wapi kwenye alama hiyo. Utaihitaji sana hatua ya 9.

Usilaze bomba kati ya Mei na Agosti. Upepo wa kusini-mashariki wa miezi hiyo husukuma mawimbi ziwani kwa masafa marefu, na pwani ya kaskazini ndiyo inayoyapokea.

## Hatua ya 2: Pima tope

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, na bila hiyo hatua nyingine zote ni kubahatisha. Mti uliochomekwa topeni kwa mkono hautoshi, maana mkono hauna namba.

Chomelea lile bamba la sentimita 10 kwa 10 kwenye ncha ya bomba la chuma, likae kama nyayo. Ning'iniza bomba kwenye mizani ya ndoano, ulishushe majini kutoka kwenye mtumbwi uliotiwa nanga mbele na nyuma. Fanya kazi kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, ziwa likiwa limetulia.

Bamba likiwa bado linaning'inia juu ya tope, soma mizani. Tuseme inaonyesha kilo 8. Endelea kushusha polepole. Mizani ikianza kupungua, tope limeanza kubeba. Ikisoma kilo 6, tope limebeba kilo 2 kwa sentimita za mraba 100, yaani gramu 20 kwa kila sentimita ya mraba. (Kwa wahandisi: gramu 10 kwa sentimita ya mraba ni takriban kilopaskali 1.) Andika mzigo ambao bamba limeshatitia sentimita 10 chini yake. Huo ndio mzigo wa kushindwa kwa tope bichi.

Sasa koroga. Inua na kushusha bamba mara 10 pale pale, ndani ya sentimita 20 za juu za tope, kisha upime upya. Namba itaanguka sana, na hilo ni jambo la kawaida. Mfinyanzi wa chini ya maji una muundo uliojijenga kwa miaka mingi, na ukivurugwa hupoteza nguvu hadi ibaki nusu, theluthi au hata robo. Waliowaona wafinyanzi wa Kikisi wakikanda udongo wa vyungu vinavyouzwa sokoni Matema wanaijua hali hiyo, udongo mgumu unavyolainika mkononi bila kuongezwa maji.

Kwa hesabu, tumia namba ya tope lililokorogwa. Bomba linapogusa chini halitui kwa utulivu. Hucheza na mawimbi, likapanda na kushuka, na tope lililo chini yake hukorogwa kabla halijaanza kubeba. Wanaolaza mabomba ya mafuta na gesi baharini wanajua kwamba mara nyingi bomba hutitia mara kadhaa zaidi ya hesabu ya uzito wake peke yake, na hiyo ni mojawapo ya sababu kubwa.

Rudia kipimo kila mita 20 kwenye njia nzima. Usichukue wastani. Chukua sehemu dhaifu kuliko zote.

Dalili kwamba umefanya sawa: vipimo vitatu vya mahali pamoja havipishani zaidi ya nusu kilo. Vikipishana zaidi, mtumbwi unayumba. Subiri kesho asubuhi.

Kama bamba linagoma hata ukiachia uzito wote wa chuma, hapo ni mchanga au changarawe. Kutitia si tatizo lake. Tatizo lake ni mawimbi kuchimbua, na dawa yake iko hatua ya 6.

## Hatua ya 3: Hesabu ya uzito

Uzito una kazi mbili zinazopingana. Uwe mkubwa kiasi cha kulishika bomba hata hewa ikiingia, na uwe mdogo kiasi kwamba bomba tupu bado linaelea ili ulivute ziwani.

Kwa kila mita ya bomba la 110 PN10:

- Linasukuma maji kilo 9.5
- Poli yenyewe ina uzito wa takriban kilo 2.05
- Ndani linaingia maji kilo 7.36

Likijaa maji, bado linavutwa juu kwa karibu gramu 100 kila mita. Likiwa tupu, linavutwa juu kwa kilo 7.4.

Sasa zege. Zege la kawaida lina kilo 2,400 kwa mita ya ujazo, lakini majini hupoteza kilo 1,000 za hizo, na hubaki na uzito wa kilo 1,400. Slebu ya sentimita 40 kwa 40, unene wa sentimita 4, ikiwa na mfereji mdogo wa kukalia bomba, ina kilo 15 nchi kavu na karibu kilo 8.75 majini. Ukiweka moja kila mita 4, kila mita ya bomba inapata kilo 2.2. Hizo zinatosha kulishika bomba hata hewa ikijaza asilimia 28 ya nafasi ya ndani, na kwa ziwa kiasi hicho kinafaa.

Kilo 8.75 juu ya sentimita za mraba 1,600 ni gramu 5.5 kwa kila sentimita. Kanuni: tope lililokorogwa liwe na uwezo wa angalau mara 3 ya mzigo huo. Tuseme tope letu la mfano, likiwa limeshakorogwa, lilishindwa kwenye gramu 20, ambayo ni mara 3.6. Tunaendelea.

Linganisha na jiwe lenye uzito ule ule lililofungwa kwa waya, likikalia sehemu ya sentimita 10 kwa 15. Hilo linabonyeza gramu 58. Litapita kwenye tope hilo kama kijiko kwenye uji.

Kuna jambo moja linalowashangaza wengi hapa. Kupanua slebu hakupunguzi mzigo wake kwa sentimita ya mraba, kwa sababu uzito unaongezeka pamoja na eneo. Kinachoamua ni unene: kila sentimita ya unene wa zege majini ni gramu 1.4. Ndiyo maana slebu zote hapa zina sentimita 4, na bomba likiwa kubwa tunaongeza upana na kusogeza slebu karibu:

- Bomba la 63: slebu 25 × 25 × 4, kila mita 5
- Bomba la 110: slebu 40 × 40 × 4, kila mita 4
- Bomba la 160: slebu 50 × 50 × 4, kila mita 3

Tope likishindwa chini ya gramu 17, hamisha njia kwanza. Isipowezekana, tandika chini ya kila slebu mkeka wa mianzi iliyopasuliwa, tabaka mbili zilizopishana na kufungwa imara, wa sentimita 80 kwa 80. Uzito ule ule sasa unagawanyika kwenye eneo mara nne. Mianzi iliyozama daima haiozi upesi, na Iringa na Njombe haikosekani. Usitumie mbao wala nguzo zilizotiwa dawa, kwa kuwa haya ni maji ya kunywa.

## Hatua ya 4: Kufinyanga slebu

Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, na wavu wa kuku katikati ya unene. Zege likiwa bichi, kandamiza kipande cha bomba juu yake hadi kiache mfereji wa sentimita moja na nusu. Pitisha vipande vya fimbo pande mbili za mfereji ili yabaki matundu manne ya kamba. Mwagilia siku 7, na usiziguse kabla ya siku 14.

Kokoto ndio mtego wa nyanda hizi. Kuzunguka Mlima Rungwe kuna mawe mepesi ya volkano yenye matundu, na mengine huelea kabisa. Yanapendeza kwa tofali. Zege lake likiwa na kilo 1,800 kwa mita ya ujazo, majini linabaki na 800 badala ya 1,400, yaani karibu nusu ya uzito uliouhesabu imepotea na bomba linaweza kuibuka. Tumia kokoto ngumu nyeusi au za mtoni.

Hakikisha: pima slebu 5 kwa mizani ya ndoano, kwanza hewani, kisha zikiwa zimezama ndani ya pipa la maji. Ndani ya maji zisome kati ya kilo 8.4 na 9.2.

## Hatua ya 5: Kuunga na kufunga

Chomelea maungio yote kwa mashine. Kapla za kubana hufaa shambani, lakini ziwani kila slebu inayotitia zaidi ya jirani yake inazivuta kwa pembe.

Zungushia bomba kipande cha tyubu kabla ya kufunga kamba, la sivyo slebu zitateleza na kurundikana mahali pamoja. Slebu ining'inie chini ya bomba. Zikifungwa ubavuni, bomba litajisokota likiwa linavutwa.

Bomba jeusi lililoanikwa juani hurefuka. Likishuka kutoka nyuzi 50 za jua hadi 25 za maji, mita 200 zinaweza kupungua kwa karibu mita moja. Liache lielee majini usiku kucha ndipo upime na kukata.

## Hatua ya 6: Ukanda wa mchanga, na pale unapoishia

Kutoka ufukweni hadi kina cha mita 3 mawimbi huhamisha mchanga. Chimba mtaro, bomba lilale mita moja chini ya mchanga, na weka slebu kila mita 2.

Mahali hatari zaidi katika njia nzima ni pale mchanga unapokutana na tope. Upande mmoja umeshikwa, haushuki. Upande wa pili utashuka sentimita kadhaa ndani ya wiki za mwanzo. Bomba lazima lipinde hapo, na poli inapinda vizuri kama huna kiungo karibu. Kwa hiyo:

- Hakuna ungio, flenji wala valvu ndani ya mita 10 kila upande wa mpaka huo.
- Sakafu ya mtaro isiishie kama ngazi. Ishuke polepole kwa mita 5 au 6.
- Ile asilimia 2 ya ziada ilegezwe hapa na kuendelea, bomba likae na mawimbi mapana kama nyoka anayetambaa, lisinyooke kama uzi.

Bomba linalotitia bila usawa huleta hasara ya pili, ambayo fundi akiiona hudhani ni ya pampu. Panapobaki juu panakuwa nundu, hewa hukusanyika humo, maji hupungua, na hewa ikizidi ile asilimia 28, kipande hicho kinaibuka pamoja na slebu zake.

Wakazi wa Mbeya na Iringa wamezoea bomba la mafuta la TAZAMA, la kati ya Tanzania na Zambia, linalopita ardhini na kushikwa na udongo pande zote. Bomba la ziwani halina mshikaji huyo. Kinachobaki ni uzito na ulegevu.

## Hatua ya 7: Kuzamisha

Flenji butu yenye valvu iwe upande wa ziwani, ishikiliwe juu ya maji kwenye mtumbwi. Upande wa ufukweni unganisha mpira wa maji. Bomba litazama kuanzia ufukweni kuelekea ndani.

1. Vuta bomba hadi kwenye mstari, ulinyooshe kwa kamba upande wa ziwani.
2. Ingiza maji kwa lita moja kila sekunde. Mita 200 zinapokea lita 1,470, kwa hiyo kazi ni ya dakika 25 hivi.
3. Fungua valvu ya hewa kidogo kidogo. Kasi ya kuzama inatawaliwa na valvu hii. Ikifungwa, hewa inabanwa na bomba linasimama. Ikifunguliwa yote kwa mpigo, bomba linaanguka na linaweza kukunjika.
4. Mpindo usiwe mkali kuliko duara la nusu kipenyo cha mita 5.5.
5. Usisimame katikati. Bomba likisimama nusu limezama, mawimbi yanalichezesha kwenye sehemu moja ya sakafu na kukoroga tope hapo hapo. Ukisimama saa moja, umechimba shimo.

Onyo: mtu yeyote asiogelee chini au kando ya bomba linalozama, na atakayeingia majini akumbuke kupima kichocho baadaye.

Dalili ya mafanikio: mstari wa bomba unapotea majini kwa mwendo mmoja, bila kuruka, na mapovu hayatoki popote isipokuwa kwenye valvu.

## Hatua ya 8: Chujio na kiti chake

Chujio likae mita 1.2 juu ya tope. Fremu yake isimame juu ya kitako cha mita 1.4 kwa 1.4, kilichoundwa na slebu nne za sentimita 70, unene ule ule wa 4, zilizofungwa kwa boliti. Pamoja na fremu yenye uzito wa kilo 22 majini, kitako kinabonyeza gramu 6.7, ukingoni kabisa mwa kanuni ya mara 3 kwa tope letu.

Mwisho wa bomba ungali mtumbwini, toa flenji, funga chujio na fremu, kisha shusha vyote kwa kamba kati ya mapipa mawili. Mita 8 za mwisho zisiwe na slebu, ili bomba lipande kwenda kwenye chujio kwa mteremko laini. Paka rangi pete kila sentimita 10 kwenye mguu wa fremu kabla ya kuishusha, na acha boya juu yake ili mitumbwi ya wavuvi iione.

## Hatua ya 9: Ukaguzi

Kagua baada ya siku moja, wiki moja, mwezi mmoja, na kila mwisho wa masika. Slebu kutitia sentimita 2 hadi 5 mwanzoni ni sawa. Baadaye tope lililobanwa linatoa maji yake taratibu na kupata nguvu upya, na bomba hutulia. Ndiyo maana si busara kulitikisa au kulivuta "kulijaribu" katika mwezi wa kwanza.

Shusha kamba yenye bamba hadi juu ya kitako, kisha hadi kwenye tope kando yake. Linganisha na alama ya ufukweni:

- Kitako kimeshuka dhidi ya alama: bomba linazama. Hesabu yako ya tope ilikosea.
- Kitako kiko palepale lakini tope limepanda: bomba halijazama, mto umeleta udongo. Kuongeza au kupunguza uzito hakusaidii. Nyanyua chujio, au hamisha mwisho wa bomba.

Wengi huchanganya hali hizi mbili, na ndiyo sababu dawa yao inageuka kuwa ugonjwa mwingine.

## Kama limeshamezwa

Usilivute kwa nguvu ya ghafla. Chini ya slebu hakuna maji, na tope linanyonya. Linahitaji muda ili maji yapenye chini. Funga pipa la lita 200 lililojaa maji kwa kamba fupi kwenye fremu, kisha lisukumie hewa kwa pampu taratibu na uliache usiku kucha. Mvuto mdogo wa saa 10 hutoa kile ambacho watu kumi hawakukitoa kwa kishindo. Kitako kikigoma, pitisha mpira wenye maji ya presha pembezoni mwa slebu, upande mmoja tu, ili kiinuke kwa ukingo kama mfuniko wa sufuria.

Kikishatoka, usikirudishe kwenye shimo lile. Tope la pale limekorogwa, na kwa miezi kadhaa litakuwa dhaifu kuliko la jirani. Sogea angalau mita 5 pembeni, upime upya.